Ugomvi wa Kwanza wa Mama Asteria

Pale Didia, mtu aliyetaka kusifia ndoa alitaja nyumba ya Wiliam na Rebeka. Walikuwa wamekaa pamoja tangu Rebeka aletwe kutoka Ushetu akiwa msichana mwembamba mwenye aibu. Wakazaa, wakalea, wakalima mpunga kwenye majaruba na kufuga ng'ombe, na hakuna jirani aliyewahi kusikia sauti ya mmoja ikipanda juu ya sauti ya mwenzake. Kanisani, vijana walipojitokeza kutaka kufunga ndoa, mzee wa kanisa Charles aliwatuma kwanza kwa Rebeka. Naye aliwakalisha kivulini, akawapa maziwa ya mgando, akawafundisha somo lake ambalo lilikuwa fupi kuliko kikombe chenyewe: meza. Mwenzako akisema neno usilolipenda, meza. Lililomezwa halivunji nyumba.

Alifundisha alichokiamini. Alipokuwa mdogo kule Ushetu, wazazi wake walikorofishana siku moja mbele ya bani la kukaushia tumbaku. Hata sababu hakuikumbuka vizuri, labda kuni zilikuwa mbichi, labda majani yalikuwa yameungua. Alichokumbuka ni sauti mbili zikipishana, na kesho yake mama yake kuonekana kwa mbali na mzigo kichwani, akirudi kwao bila kugeuka. Tangu hapo moyo wa Rebeka ukaandika sheria yake, kwamba ugomvi ni mlango, na anayeufungua hajui atakayetoka. Kwa hiyo alipoolewa aliufunga mlango huo, akaketi mbele yake kwa miaka yote.

Basi mwaka huo mvua zilikatika mapema. Mpunga wa majaruba ya juu ulikauka ukiwa haujabeba, na ule wa chini ukatoa kiasi cha kula tu. Siku nyingi Wiliam aliitazama mbuga ya majaruba, kisha asubuhi moja, wakinywa uji, akatangaza. Mdogo wake Davis alikuwa amehamia Ushetu na analima tumbaku. Mashamba yapo, mvua zipo. Wangehama kabla ya msimu wa vitalu vya miche.

"Sawa, Baba Asteria," alisema Rebeka.

Akainuka, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Aliikumbuka tumbaku mikononi mwake: ule utomvu mweusi usiotoka hata kwa majivu, kuamka kabla ya jogoo kufunga majani kwenye fito, kikohozi cha moshi wa bani. Alikuwa ameapa kimoyomoyo kwamba hataugusa mmea ule tena. Na kilichomuuma zaidi kuliko tumbaku yenyewe ni kwamba Wiliam hakulijua hilo. Mtu umelala naye kitanda kimoja miaka yote hii, umemzalia, unamjua mguu wake ukikanyaga uani, halafu yeye asijue kwamba unachukia tumbaku? Angekuwa anampenda, angejua. Hivyo ndivyo alivyowaza, akasugua sufuria mpaka likang'aa.

Wiki hiyohiyo akafika Loveness. Alikuwa binti wa chuo kutoka Mwanza, mfupi, mwenye kicheko cha karibu, aliyekuja na mwanafunzi mwenzake Donatus. Mtendaji wa kijiji aliwatambulisha kwenye mkutano: vijana hawa wanafanya utafiti juu ya wanandoa, wanataka kupima imani. Mzee mmoja akauliza kama ni imani ya Kikristo au ya jadi. Loveness akaeleza kwa adabu kwamba ni imani za aina nyingine, yale mambo ambayo mtu anayashika kuhusu ndoa bila kujiuliza yametoka wapi, hata kama hayana mantiki. Watu wakatazamana. Mtendaji akasema wataelewa wakianza.

Donatus angezungumza na wanaume na Loveness na wanawake, lakini kwa wazee ambao Kiswahili chao kilikuwa cha kuazima alihitajika mtu wa kutafsiri Kisukuma. Jina la Rebeka lilitajwa na watu kama watano kwa mpigo. Nani zaidi ya Mama Asteria? Loveness akamwapisha kwamba atakayoyasikia hayatatoka, naye akakubali. Kutunza neno ndani ilikuwa kazi aliyoizoea.

Kipimo chenyewe kilimchekesha. Loveness alibeba vikombe vitano vya plastiki kwenye kikapu. Alivipanga juu ya kigoda, akavitia maji: cha kwanza kilijaa pomoni, cha pili robo tatu, cha tatu nusu, cha nne kidogo, cha mwisho kikabaki kitupu. Anasoma sentensi moja, na wewe unaonyesha kikombe. Ukiikubali sentensi kwa moyo wote, unaonyesha kilichojaa. Ukiikataa kabisa, kitupu. Sentensi zilikuwa nyingi. Kwamba mume na mke wanaopendana hujuana mawazo bila kuambiana. Kwamba mtu mzima habadiliki tabia. Kwamba wanaume na wanawake hawawezi kuelewana kwa sababu wameumbwa tofauti. Kwamba ndoa njema haina siku mbaya.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mzee Mabula, ambaye alikuwa na wake wawili na umri ambao hata yeye aliukadiria. Donatus alikuwa ameshindwa kukielewa Kisukuma cha zamani cha mzee, hivyo wote watatu walikaa naye. Rebeka akamwamkia, "Mwadila, baba," kisha akamtafsiria sentensi ya kwanza pole pole: anayekupenda anapaswa kujua unachotaka kabla hujasema. Mzee aliitafakari, akakiangalia kikombe kilichojaa, akakichukua, akakinywa chote. Akafuta mdomo na kusema kwamba yeye alikuwa na kiu tangu wageni walipoingia, na wake zake wawili wanampenda, na hakuna aliyemletea maji. Loveness alicheka hadi akashika mbavu. Ilibidi kikombe kijazwe upya, na jibu la mzee likaandikwa kuwa hakubali.

Rebeka alicheka pia, lakini aliacha kabla ya wenzake.

Siku ya tatu zamu yake mwenyewe ilifika, maana naye alikuwa mke wa mtu. Walikaa nyuma ya nyumba yake, kuku wakipita katikati ya vikombe. Alijibu bila kusita, kama mwanafunzi aliyesoma. Loveness aliposoma, "Wanandoa wakigombana, upendo umekwisha," kidole cha Rebeka kilikuwa juu ya kikombe kilichojaa kabla sentensi haijaisha. Binti aliandika, akaendelea.

Jioni ile walikwenda kwa jirani yao Philomena, mke wa Mageni. Hawa walikuwa kinyume cha nyumba ya Rebeka kwa kila kitu. Philomena na Mageni waligombana kwa kila kinachowezekana: mbuzi afungwe wapi, chumvi imezidi, nani alimwambia nani nini kwenye msiba wa mwaka juzi. Walianza asubuhi kabla ya majogoo kunyamaza, na Rebeka alikuwa amezoea kuwaombea. Loveness aliposoma ile sentensi ya ugomvi, Philomena alichukua kikombe kitupu, akakigeuza chini juu ili kisitie shaka.

"Kwa nini, mama?" aliuliza Loveness. Haikuwa sehemu ya utafiti. Alitaka tu kujua.

"Vyombo vikikaa pamoja havikosi kugongana," alisema Philomena, mikono yake ikiendelea kuchambua mboga. "Mimi namgombeza yule mzee kwa sababu najua yupo. Siku akiacha kunijibu, hapo ndipo nitalia. Mtu unagombana naye kwa kuwa bado unataka akuelewe."

Mageni akaita kutoka zizini akiuliza ni nani anasemwa. Philomena akamjibu kwamba si yeye, kwani yeye ni mtu wa kusemwa? Wakaanza. Na Rebeka, aliyekuwa amewasikia maelfu ya mara, siku hiyo kwa mara ya kwanza aliwasikiliza. Akatambua kwamba katikati ya makelele yale Mageni alikuwa anamuuliza mkewe kama mguu bado unamuuma, na mkewe anamjibu kwa ukali kwamba umepoa, ile dawa aliyomletea imefaa.

Walipokuwa wakirudi, Rebeka alimuuliza Loveness kama zile sentensi ni za kweli au za uongo. Alitaka jibu moja tu.

"Mimi sipimi kama ni za kweli, mama," alisema Loveness. "Napima mtu amezishika kwa nguvu kiasi gani. Ila hizi zilichaguliwa kwa sababu waliochunguza kabla yetu waliona zinaumiza watu. Mara nyingi kinachotuumiza si alichofanya mwenzetu, ni lile tuliloamini kwamba lazima alifanye."

Waliagana njia panda, na vijana wale baada ya siku chache waliondoka kuelekea Kishapu na vikombe vyao.

Ilikuwa asubuhi ya kupepeta. Wiliam alikuwa ametandika turubai pembeni ya jaruba, Rebeka ameinua ungo, upepo unachukua makapi vizuri. Wiliam alikuwa na furaha. Akasema kwamba ameshazungumza na Mageni, majaruba atayalima yeye tangu msimu ujao, na kwamba Davis ameshawatafutia pa kujenga, karibu kabisa na kisima.

Ungo ulisimama hewani.

"Sitaki," alisema Rebeka.

Wiliam aligeuka akidhani amesikia vibaya. "Hutaki nini?"

"Sitaki Ushetu. Sitaki tumbaku. Sitaki kuiona, sitaki kuinusa, sitaki kulala karibu na bani." Sauti yake ilianza chini kisha ikapanda yenyewe, kama maji yanayochemka bila mtu kuyagusa. Akamweleza mikono ile ya utotoni, moshi, kikohozi. Akamweleza kwamba Davis anaweza kulima tumbaku mpaka aote majani, lakini yeye hatoki hapa.

Wiliam alibaki na kapu mkononi. "Lakini ni kwenu," alisema. "Nilidhani nakurudisha kwenu. Nilisema, amekaa kwetu miaka yote hii, sasa na mimi nikakae kwao."

"Kwetu ni hapa!"

"Mbona ulisema sawa?"

"Nilisema sawa kwa sababu wewe ulipaswa kujua kwamba si sawa!"

Maneno yalipotoka aliyasikia jinsi yalivyokaa. Wiliam akaweka kapu chini taratibu, akachukua fimbo yake, akaondoka kuelekea ng'ombe walikokuwa wakichungwa.

Rebeka alimaliza kupepeta peke yake. Hilo ndilo. Mlango umefunguka. Alitazama njia, akimwona mama yake kwa mbali na mzigo kichwani, na akajiuliza kama mwanamke wa umri wake anabeba nini akiondoka. Lakini mpunga haungoji. Aliukusanya, akaufunga, akaurudisha nyumbani, akasonga ugali kama kawaida kwa sababu hakujua mtu anayesubiri mwisho wa ndoa anapaswa kufanya nini kingine.

Alasiri Wiliam alirudi. Hakuwa na uso wa hasira. Alikuwa na uso wa mtu aliyekuwa akikariri. Akaketi kwenye kigoda, akasema, "Nimeondoka kwa sababu sikuwa na la kujibu. Mimi sijawahi kugombana. Sasa nimefikiri. Naomba nigombane."

Rebeka alimtazama. Kitu fulani kilimpanda kifuani, akadhani ni kilio, kumbe ni kicheko. Akakizuia, akasema, "Haya, gombana."

Na Wiliam akagombana. Alisema mvua zinakatika kila mwaka na yeye ndiye anayelala macho wazi. Alisema haiwezekani mtu akae kimya miaka yote halafu siku moja amwage yote kama gunia lililotoboka. Alisema, na hapo sauti ikapanda kweli, kwamba yule kijana wa vikombe alipomuuliza kama mume humjua mkewe bila kuambiwa, yeye alionyesha kikombe kilichojaa. "Nilijivuna, Mama Asteria. Nilimwambia kwamba mke wangu namjua kama ninavyomjua ng'ombe wangu wa maziwa. Umenifanya mwongo."

"Hata mimi nilionyesha kilichojaa," alisema Rebeka.

Hapo ndipo walipocheka wote wawili, kicheko cha watu waliokamatwa kwa wizi mmoja. Wakala ugali kwenye sinia moja, na kabla hawajanawa walikuwa wameshaanza tena.

Kuanzia siku hiyo nyumba ile ikawa haikai kimya. Kumbe yaliyomezwa yalikuwa mengi. Rebeka hakupenda kofia ile ya Wiliam ya kanisani. Wiliam hakuwahi kupenda ubuyu uwekwe kwenye uji. Rebeka alisema kwamba wasihame, bali majaruba ya chini, mpunga ukishavunwa, wapande dengu zinywe unyevu uliobaki kwenye udongo mweusi. Wiliam alisema dengu ni kazi ya watu wenye subira, na yeye hana. Rebeka alimuuliza kama tumbaku ni kazi ya watu wavivu. Kwa mengine walifikia mwafaka, mengine yalibaki, na kila asubuhi waliamka wakiwa bado wawili.

Kijiji kilishtuka. Mzee Charles alikuja na uso wa msiba na wazee wawili nyuma yake. Aliwakuta uani wakibishana kama dengu zirushwe kwa mkono au zidondoshwe nyuma ya plau. Akaanza kusema habari ya shetani na nyumba za waaminifu, lakini kabla hajafika mbali Wiliam alikuwa amemsogezea kigoda akimwomba aamue, kwa kuwa baba yake Charles alilima dengu zamani. Rebeka akamsogezea kigoda kingine upande wake. Mzee akakaa katikati, na baada ya muda alikuwa akichora mistari ardhini kwa fimbo na kupandisha sauti kuliko wote. Aliondoka amesahau kuwaombea. Ila vijana wa kufunga ndoa hakuwatuma tena pale kwa muda, mpaka aone mambo yanakwendaje.

Habari zilifika mbali zaidi. Asteria, binti yao mkubwa, alikuwa akiuza vipuri vya mashine za kusagia mawe ya dhahabu huko Katoro. Alipigiwa simu na shangazi yake kwamba wazazi wamekosana. Alipanda basi asubuhi, akabadilisha gari Kahama, akafika uani jua likiwa limeinama, macho mekundu, begi likimning'inia begani. Aliwakuta wazazi wake wamekaa kwenye jamvi, baba anamenya karanga, mama anamwambia anazimenya vibaya.

Aliangua kilio hapohapo. Rebeka akamkumbatia akimwambia kwamba hakuna aliyekufa, hakuna anayeondoka. Ilichukua muda mrefu na chai ya maziwa kabla Asteria hajaelewa. Na alipoelewa, akasema jambo ambalo hawakulitarajia.

Kulikuwa na kijana, Eliya, mchomeleaji wa vyuma pale Katoro. Walipendana tangu mwaka uliopita, na Eliya alitaka kuja kujitambulisha. Kisha wakakorofishana. Jambo dogo tu, la yeye kuchelewa mahali, lakini sauti zilipanda. Asteria akamrudishia zawadi zake siku ileile. "Nilijua imekwisha, mama. Nilisema mimi nimekulia nyumba ambayo haijawahi kugombana. Kama tunagombana hata kabla hatujaoana, basi sisi hatufai. Nimekaa miezi nikilia peke yangu."

Rebeka aliona kwamba alichowafundisha vijana wa kanisa kwa maziwa ya mgando, alikuwa amemfundisha binti yake bila hata kusema. Akamshika mikono.

"Sikiliza, mwanangu. Si kutogombana kulikoifanya ndoa yangu iwe njema. Nilikuwa na ndoa njema na baba yako hata hivyo, na nilikuwa naogopa. Hayo ni mambo mawili. Mpigie yule kijana."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie ulichokasirikia," alidakia Wiliam akiwa na maganda ya karanga mapajani. "Chote. Usimwache akisie. Sisi wanaume hatujui kitu."

Asteria alikwenda kusimama kwenye kichuguu nyuma ya zizi, mahali ambapo mtandao ulishika. Hawakuyasikia maneno, bali walimwona akitembea huku na huko akirusha mkono hewani, kisha akasimama, kisha akakaa chini kwenye kichuguu akiwa amejishika tama na simu imebanwa sikioni, akitabasamu. Wiliam akamwambia mkewe kwamba huyo ataolewa kabla ya mpunga mwingine. Rebeka akasema haitawezekana, mpunga utawahi. Wakabishana juu ya hilo mpaka giza likaingia.

Davis aliambiwa kwamba hawatakuja. Alinung'unika kidogo kwenye simu, kisha akasema tumbaku ilikuwa inamtesa hata yeye. Msimu uliofuata mvua haikuwa nyingi, lakini ilikaa. Walivuna mpunga, na mbuga ikiwa bado na jasho lake, wakaingia na maksai kupanda dengu, mbegu zikidondoshwa nyuma ya plau kama alivyotaka Rebeka, ila kwa nafasi aliyoitaka Wiliam. Zikaota. Zikachanua maua madogo ya zambarau, na watu waliopita njiani walisimama kutazama.

Mpunga uliwahi, Rebeka alishinda. Asteria na Eliya walifunga ndoa baadaye, dengu zikiwa zinakaribia kukauka, na siku chache baada ya sherehe walikuja wote wawili kusaidia kung'oa. Majani ya dengu yana chumvi kali inayochoma vidole, na Eliya, aliyezoea moto wa kuchomelea, alilalamika kuliko wote. Mwisho wa mstari sauti zao zilianza kupanda. Asteria alikuwa anamwambia kwamba anavunja vishina, Eliya anamwambia kwamba yeye hakuzaliwa shambani.

Rebeka akainuka kutaka kwenda. Wiliam akamshika kiwiko.

"Waache wamalize," alisema.

Rebeka akasimama kidogo, akisikiliza. Kisha akainama tena kwenye mstari wake, na kwa kuwa mumewe alikuwa amerundika dengu upande usiofaa, mbele ya upepo, akamwambia.